Sala Isiyoitikiwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Waliosema kwamba barua ni nusu ya kuonana hawakutuambia ni nusu ipi, nami nimeridhika na hiyo itakayokufikia. Natumaini inakukuta ukiwa mzima, kifua kimetulia, na wifi yangu anameza dawa zake bila kusimamiwa. Waambie watoto kwamba shangazi yao bado anatengeneza miwani, na bado anaangusha skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kuzitafuta kwa magoti. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anashona. Baba anasoma gazeti akiwa amelisogeza mbali na uso kama mtu anayelishuku, maana ameikataa miwani mpya niliyomtengenezea; anasema ile ya zamani inamwonyesha ya kutosha, na mengine hana haja ya kuyaona.

Barua yako niliisoma dukani, asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Umeniomba jambo moja: nimpigie Baba magoti aseme Amina, yaishe. Umeandika kwamba ni neno dogo, na kwamba wewe mwenyewe, ambaye katika siasa uko upande wake kabisa, ungelisema bila kusita kwa ajili ya amani ya Mama. Nitakujibu kwa utaratibu, kwa sababu mambo yenyewe yameshalipita ombi lako, na kwa sababu sitaki uyasikie kwa mchungaji wetu, ambaye husimulia kila jambo kana kwamba lilikwisha vizuri. Niruhusu nianze na hilo neno dogo.

Amina, kwa jinsi ninavyolielewa, ni neno ambalo mtu hulisema ili maneno ya mwingine yawe yake. Si alama ya kufunga sala, kama mlango unavyofungwa watu wakishatoka. Sala yaweza kufungwa kwa kunyamaza, au hata kwa kupiga chafya. Si ishara ya kumpenda aliyeomba. Wala si adabu, ingawa wengi wetu huitoa kama adabu, kama vile tunavyomkaribisha mgeni mezani huku sufuria ikiwa tupu. Anayesema Amina hakuyachagua maneno, hakujua yanakokwenda, na hata hivyo yanapofika mwisho huiweka nafsi yake chini ya yote. Kwa hiyo ni neno la hatari kuliko sala yenyewe. Mwombaji aweza kusimama katikati ya sentensi akabadili njia. Mwitikiaji hana nafasi hiyo.

Baba hangelieleza hivi, lakini analijua kuliko mimi, maana alilishika kwa mikono katika maisha yake yote ya kazi. Unakumbuka jinsi shule zilipofungwa alivyotuketisha kwenye benchi la nyuma la mahakama, tukiwa tumekatazwa kutafuna chochote. Kazi yake ya ukarani, shahidi anapopanda kizimbani, ilikuwa kumpa Kitabu na kumsomea kiapo kipande kwa kipande. Sauti ilikuwa ya Baba, lakini aliyefungwa na maneno alikuwa mwingine. Wengine walikishika Kitabu kama sufuria iliyotoka motoni, wengine kama mali yao. Jioni alinawa mikono kwa muda mrefu, na Mama akimuuliza siku ilikuwaje, alijibu kwamba leo wameapa wengi. Mimi na wewe tulidhani ni mzaha. Sasa nadhani ilikuwa huzuni ya kikazi, kama ile ya fundi viatu anayejua, kutokana na soli, jinsi kila mtu anavyokanyaga.

Umekaa mbali na kanisa letu, na huko unakohubiri huenda desturi ni nyingine, kwa hiyo nakukumbusha yetu. Sala ya watu wote, kwetu, haiitikiwi kwa pamoja tangu mwanzo. Mzee wa zamu, akiwa amesimama karibu na meza ya Bwana, husema Amina peke yake. Ndipo kanisa zima hufuata. Nadhani waliouanzisha utaratibu huu walitaka awepo walau mmoja aliyesikiliza kweli. Kwa kawaida hakuna anayeuona, kama vile hakuna anayeiona bawaba ya mlango. Msimu huu zamu ni ya Baba, na kuongoza sala kumemwangukia Mama. Waliopanga hivyo walisema itapendeza, mume na mke, mmoja aombe na mwingine aitikie.

Sasa uchaguzi. Wagombea wa umeya wawili unawajua kwa sifa: mmoja mhandisi, mwingine mwalimu mstaafu. Wote wawili ni watu wa kanisa na wote wawili hunukuu Maandiko bila kukosea, jambo linalotunyima ile njia rahisi ya kuamua. Picha zao zimebandikwa ukutani mkabala na duka langu. Kwenye dirisha naweka lenzi ambazo hazijakatwa, na asubuhi jua likiingia kwa mshazari, mtaa mzima hujichora humo kichwa chini: waendesha baiskeli wanapita angani, na mhandisi na mwalimu wananing'inia bega kwa bega kama popo wawili wenye tai. Mhandisi ameahidi hospitali. Itajengwa bondeni, nyuma ya karakana ya reli, na watu wanaoishi hapo watahamishwa. Mwalimu ameahidi kwamba hawatahamishwa, na juu ya hospitali amesema tutaona.

Mama anamtaka mhandisi, na sababu yake ina sura ya mtu. Mama mdogo alifia njiani, ndani ya gari la kukodi, akiwa na uchungu wa mtoto, kwa sababu hospitali iliyopo iko ng'ambo ya jiji na siku ile daraja lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amempakata. Baba anamtaka mwalimu, na sababu yake ina sura nyingi. Ni yeye aliyewaapisha watu wa bondeni katika ile kesi yao, mmoja baada ya mwingine, waliposema kwamba walishahamishwa mara moja kutoka kwingine kwa ahadi ya viwanja, na viwanja havikuonekana. Anasema anazikumbuka sauti zao kuliko nyuso. Mimi, unajua, niko na Mama. Nimelipima jambo hili kwa baridi niwezavyo na bado naiona hospitali upande mzito wa mizani. Wewe uko na Baba. Tumegawanyika sawasawa kama nguo ya mtumba iliyochanika mshononi, na kwa miaka yote hatukuchukiana. Mama aliwahi kuniambia kwamba baba yenu anawahurumia walio hai, yeye anamlilia aliyekufa, na huruma zao zinagombania kiwanja kimoja.

Jumapili ile, basi, Mama alisimama. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri na wanafunzi wenye mitihani. Kisha akafika kwa watawala, na sauti yake ikashuka kama inavyoshuka anapomtaja mdogo wake, na akamwomba Mungu ampe ushindi mhandisi, akimtaja waziwazi kwa cheo na kazi, bonde lisafishwe na nyumba ya uponyaji isimame mahali pake. Aliposema "kwa jina la Mwanao", alinyamaza akingoja. Sote tulingoja. Baba alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, macho yakitazama mahali fulani juu ya vichwa vyetu, na Amina haikuja.

Sijui nikueleze vipi kimya kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hiki hakikuwa na mshindo. Kilikuwa na nafasi, kama chumba kilichofunguka katikati ya kanisa, nasi tukawa tumeingia humo bila kuhama. Pangaboi lilizunguka polepole. Mwanga wa vioo vya rangi ulimwangukia mpiga kinanda shingoni ukamfanya wa kijani. Hakuna aliyeweza kuitikia kwa sababu wa kwanza hakuitikia, na hakuna aliyeweza kuketi kwa sababu sala haijaisha. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama Mungu amekatika, kama umeme. Mwishowe mchungaji alitaja wimbo, mpiga kinanda akapiga mwingine, tukaimba kila mtu wa kwake.

Tulipotoka, mabibi wa safu ya mbele walimpa Mama pole kama aliyefiwa. Mmoja alimwambia kwamba sala yake imebaki darini, isipate pa kupitia. Mama alijibu kwamba basi iko karibu zaidi na inakokwenda, lakini niliona vidole vyake vikikunja na kukunjua ukingo wa mtandio.

Wiki iliyofuata mtaa ulipata mchezo mpya. Waimbaji wa sauti ya nne, wale wanaoshinda kwenye duka la vipuri, walianza kumwitikia Baba Amina kwa kila jambo. Akiuliza habari za asubuhi, Amina. Akiuliza betri ya saa, Amina, mzee. Baba aliwaambia kwamba salamu haiitikiwi hivyo, ila ameipokea, na wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Jambo lisilochekesha lilikuja kwa mlango mwingine: uvumi kwamba ameacha imani. Ulitoka kwa watu ambao kwa maisha yao yote wamesema Amina wakiwa wanatafuta funguo mifukoni.

Wazee wa kanisa walimwita. Mwenyekiti wao unamjua, muuza nyama, yule ambaye watoto humwita Bwana Steki na yeye huitika. Si mtu mbaya. Anapenda mambo yakae kwenye ndoano zake. Alimweleza Baba kwamba hakuna anayemlazimisha kumpigia mhandisi kura, kura ni siri ya mtu, lakini mzee wa zamu akikaa kimya kanisa zima linakosa sauti. Baba alikubali kwamba hilo ni kweli na akaomba radhi kwa usumbufu. Bwana Steki akamshukuru na kuuliza, basi, Jumapili ijayo? Baba akasema kwamba ikiletwa sala ileile, kitaletwa kimya kilekile. Wakazungumza mpaka chai ikapoa. Uamuzi ulikuwa huu: sala irudiwe na aliyeiomba, mbele ya mzee yuleyule, ili kidonda kifungwe pale kilipofunguka. Akiitikia, yamekwisha. Asipoitikia, ataachia uzee wa kanisa, hatakishika tena kikombe kwenye meza ya Bwana, na mchungaji atapaswa kulieleza kanisa sababu. Hiyo sababu ndiyo iliyomuumiza Mama. Aliniambia kwamba ataishije na mtu aliyetangazwa kuwa hana imani, ilhali yeye ndiye anayesikia jinsi anavyoomba akidhani amelala.

Usidhani kwamba nyumba ilijaa kelele. Iliendelea kwa upole wa kutisha. Mama alimkaribisha chakula kwa cheo, karibu mzee wa kanisa, kama karani wa mapokezi. Aliombea chakula, na Baba akaitikia Amina nzito iliyotikisa vijiko, na Mama akasema kumbe sauti anayo. Cherehani yake iliendelea kunguruma chumbani, ikisimama kila Baba alipopita mlangoni, kama mdudu anayenyamaza mtu akikaribia, kisha ikianza tena. Anashona majoho mapya ya kwaya, na siku zile nyumba nzima ilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyotundikwa, tukipita katikati yake kwa mikono mbele kama watu wanaotembea ndani ya mawingu.

Ombi lako nililitimiza, ila si kwa magoti. Nilimwalika Baba dukani nimpime macho. Chumba cha kupimia hakina dirisha. Nikizima taa hubaki ule ubao wa herufi tu, uking'aa mwisho wa giza kama mji unaoonekana kutoka mlimani. Nilimwekea lenzi na kumuuliza swali ambalo kazi yangu hunilazimisha kuuliza kutwa nzima: hii, au hii? Alijibu kwamba ziko sawa. Nikabadilisha. Hii, au hii? Ndipo nikamweleza uliyoniandikia, nikiwa nyuma yake, bila kuona uso wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hospitali anaitaka, na kama Mama angeomba hospitali tu angeitikia kabla hajamaliza. Lakini sala ilimtaja mtu na bonde. Akisema Amina, amekubali kwamba wale watu waondoke. Hilo bado angeweza kulivumilia, maana watu hushindwa kwenye kura na maisha yakaendelea. Asichoweza ni kukubali kwamba aliyewaondoa ni Mungu. Nikamwambia kwamba neno moja halitahamisha hata banda la kuku. Akanijibu kwamba hata kiapo hakijawahi kumtoa mtu damu, na ndiyo sababu watu huapa ovyo. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kwamba kushindwa na mhandisi anaweza, kushindwa na Amina yake mwenyewe hawezi. Nikawasha taa. Alikuwa analia kidogo, au ni matone niliyomtia ya kupanulia mboni. Sikuuliza, nawe usiulize.

Wiki hiyo niliota mara kwa mara ndoto moja. Niko mahakamani, benchi letu la nyuma, na Baba anapita akimpa kila mtu Kitabu. Kila anayekipokea anafungua mdomo na ndani ya mdomo mna kanisa dogo lenye taa, na watu wadogo wamesimama humo wakingoja. Baba anafika kwangu. Nafungua mdomo ili nione kama na mimi ninalo, na hapo huamka. Nakueleza kwa sababu wewe una subira na ndoto. Mimi huziandika kama mtu anavyoandika joto la mgonjwa, bila kudai kwamba ninajua ugonjwa.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe. Kanisa lilijaa, hata wale wanaokuja Krismasi tu walionekana. Baba alikuwa amevaa suti ya mahakamani. Mama alisimama, na nilijua kwa jinsi alivyoshika kiti cha mbele kwamba hakuwa amelala vizuri. Aliomba kama mwanzo: wagonjwa, wasafiri, mitihani. Alifika kwa watawala na hakupunguza hata nukta. Mhandisi alimtaja, bonde alilitaja, nyumba ya uponyaji aliitaja, na safari hii alimtaja pia mdogo wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya hadharani. Mimi moyoni nilimfuata neno kwa neno, na nilitaka kila neno.

Kisha, badala ya kufunga, akaendelea kwa sauti ya jikoni, ile ambayo haitumii kanisani. Alisema, "Bwana, mzee wangu hakubaliani na mimi. Ananiambia naomba vibaya. Labda ni mimi, labda ni yeye, na mimi siko tayari kuiacha sala yangu. Wewe unatujua sote wawili tunavyokoroma. Tusikilize hivyohivyo." Mtu fulani alicheka, akazuia. Mama akataja jina la Mwana, akangoja.

Kile chumba kilifunguka tena. Safari hii hakikudumu. Baba aliinamisha kichwa, akakiinua, na akasema Amina. Aliisema bila haraka, kama alivyokuwa akisoma kiapo. Kabla haijatua chini, kanisa zima lilimfuata, na haikuwa ile Amina yetu ya kila wiki inayoburuta miguu. Ilipasuka. Watu waliinua mikono. Waimbaji wa sauti ya nne waliirudia. Nyuma mtu alipiga makofi. Nilisimama katikati ya sauti hiyo kama mtu aliyesimama chini ya maporomoko, akiona maji kila upande na asisikie lolote.

Mlangoni Bwana Steki alimkumbatia Baba na kusema neno limetoka, yamekwisha. Baba akamjibu kwa heshima kwamba ingefaa aelewe neno limetoka juu ya nini: yeye ameitikia pale Mama alipoomba wasikilizwe wote wawili, yaliyotangulia hakuyaitikia. Bwana Steki alicheka, akamwambia kwamba Amina si nyama, haikatwi vipande. Baba akafikiri. Nilimwona akifikiri, kaka, kwa uaminifu, kama anayepewa hoja na wakili mzuri. Akasema kwamba mwenyekiti ana haki, haikatwi. Na kwa kuwa haikatwi, na watu wote wameisikia kuwa nzima, na yeye hakuitoa nzima, basi kanisa limeaminishwa jambo ambalo si kweli, na lililobaki kwake ni kulirekebisha. Akamwomba mchungaji atangaze kwamba ameachia uzee wa kanisa kwa hiari, na sababu aitaje kama ilivyo. Mchungaji alimsihi asifanye hivyo wakati dhoruba imepita na jua limeshachomoza. Baba akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ataendelea kuja, atakaa nyuma, huko ambako watu husikiliza vizuri zaidi kwa sababu hawaonekani.

Mama alisimama pembeni akisikia yote. Nilidhani atakasirika, na alikasirika. Alimwambia njiani kwamba yeye amejivua nguo mbele ya kanisa zima ili ampe pa kupitia, naye amepita, kisha amerudi kuubomoa mlango. Baba akasema alipita kweli, na alishukuru, na mlango ule ni wake peke yake, si wa Bwana Steki. Mama akasema mwanamume huyu. Akasema tena, mwanamume huyu. Wakaendelea kutembea, na mbele ya karakana nikaona kwamba Mama ameshika mkono wa koti la Baba, kama mtu anavyoshika kamba ya mnyama ambaye hatauzwa. Kwa hiyo, juu ya amani ya Mama, unaweza kupumua. Wameshindwa kukubaliana na wamerudi nyumbani kwa njia moja. Leo asubuhi Mama alimkaribisha chai kwa jina la ujanani, na vile vitambaa vyeupe amevikunja.

Hayo ndiyo yote utakayoyasikia kwa wengine. Linalofuata hutalisikia kwa mtu, kwa sababu analijua mmoja tu.

Alasiri ya jana nilimsaidia Mama kupinda majoho. Alikuwa na pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni huwezi kujua kama amenyamaza au amezuiwa kusema. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake, na bila kuniangalia akasema, "Amina ya baba yako niliisikia. Ya Bwana Steki niliisikia. Yako sikuisikia." Nilisema kwamba kulikuwa na kelele. Akasema yeye amenizaa, na katika kelele yoyote huitafuta sauti yangu kwanza. Kisha akarudisha pini midomoni na kungoja, na mimi nikapinda upindo uleule mara mbili.

Ni kweli, kaka. Sikusema. Mimi ninayemtaka mhandisi, niliyeifuata sala ile neno kwa neno, niliyeililia nafsi ya mama mdogo ndani yake, kinywa changu kilibaki kimefungwa wakati hata wapinzani wa mhandisi walikuwa wakipaza sauti. Nimejichunguza tangu jana kwa ukali ninaoutumia kwa lenzi. Si kwa sababu ya kumuunga mkono Baba, maana yeye alikuwa ameshaitikia. Si kwa sababu nilitilia shaka hospitali. Kesho wakiniwekea karatasi ya kura nitaweka alama palepale. Si kumkomoa mtu. Karibu kabisa na ukweli ni hili: iliposikika ile Amina iliyopasuka, nilitafuta ndani yake mahali inapomwelekea Mungu nami nijiunge hapo, na sikupaona. Niliona imeelekezwa kwa Baba. Walikuwa wakiitikia kuinama kwake. Ningejitia humo, ningekuwa nimesaini kitu nilichokitaka, kwa mkono wa watu waliokuwa wakishangilia kitu kingine. Lakini hata maelezo haya nayashuku, kwa sababu ni mazuri mno, na mimi ni mwepesi wa kuamini hoja iliyokatwa vizuri. Huenda niliogopa tu. Huenda mdomo wangu, kama katika ndoto, ulifunguka ukakuta hamna kitu.

Ajabu ni kwamba wewe na mimi tumebadilishana viti bila kuagana. Wewe unayekubaliana na Baba ungesema Amina kwa ajili ya amani. Mimi ninayekubaliana na Mama nimemnyima. Sijui ni nani kati yetu aliyesimama na mzazi wake.

Baba anakusalimu, anasema hotuba zako zifupishe, na kwamba hili analisema kama mtu wa benchi la nyuma. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unavaa lile shati alilokushonea, au limepata mwenyewe mwingine. Mbusu kila mtoto kwenye paji la uso kwa niaba yangu, na umwambie wifi fremu yake iko tayari, nitamtumia na mtu wa kuaminika. Mungu akulinde katika kazi yake, na uchaguzi ukija upite pande zako bila kumwacha mtu akitazama chini.

Nijibu upesi, si kama mchungaji bali kama kaka, kwa sababu Mama bado anangoja na majoho yamebaki machache. Mtu akiikubali sala yote, akatamani kila neno litimie, kisha akainyima Amina kwa sababu ya namna Amina zilivyokusanywa, je, ameomba pamoja na mama yake, au amemwacha aombe peke yake?

Mdogo wako,
wa miwani